Sista, Dawa Zimemkataa Kaka Yangu

SWALI: Sista, salaam nyingi kutoka Malaba. Nakuandikia kuhusu kaka yangu. Ana miaka 36, ni fundi cherehani pale Tororo mjini. Tangu mwaka juzi si yule tunayemjua. Halali, hali, hazungumzi. Vitambaa vya wateja vilirundikana mpaka wenyewe wakaja kuvichukua bila kushonwa. Musawo (mhudumu wa afya) wa kituo cha afya alisema ni sonona, akampa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Alikunywa miezi mitatu, akapata usingizi kidogo lakini moyo ukabaki ule ule. Wakambadilishia fluoksetini. Alikunywa wiki tatu akaacha, anasema inamchafua tumbo na haifanyi kitu. Sasa kuna jamaa anatuambia kaka ana ile sonona isiyosikia dawa, tusipoteze pesa zaidi. Wifi yangu amechoka, anataka kurudi kwao. Sista, ni kweli kuna mtu ambaye dawa zinamkataa? Na kama kuna dawa itakayomfaa, itachukua muda gani? — Dada mtu, Malaba

JIBU: Dada mtu, salaam zako zimefika. Pole wewe, na pole nyingi kwa wifi yako.

Nilipofika pale ulipoandika "kidonge kimoja kila usiku" niliacha kusoma, nikachukua kalamu nikapigia mstari. Kidonge cha amitriptilini kinachotolewa sana huku kwetu ni cha miligramu 25. Kiasi hicho tunakitumia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kuzuia kichwa kinachouma mara kwa mara, na kumsaidia mtu kulala. Kwa sonona ya mtu mzima, dozi hupandishwa polepole, na wengi hufikishwa miligramu 75 mpaka 150 kwa siku. Kaka yako alilala kidogo kwa sababu dawa ile inasinziza hata ikiwa kidogo. Moyo ulibaki ule ule kwa sababu haikufika kiwango cha kuugusa. Angeweza kuinywa namna ile mwaka mzima na tusingejua kama inamfaa au haimfai.

Fluoksetini nayo aliianza vizuri, nadhani miligramu 20, lakini wiki tatu hazitoshi. Tumbo kuchafuka ni jambo la wiki ya kwanza na ya pili kwa wengi, kisha hutulia, hasa akiinywa asubuhi baada ya kula. Aliacha dawa karibu na pale ambapo ingeanza kujionyesha. Kwa hiyo, mwanangu, nikihesabu kwa haki, kaka yako hajajaribiwa dawa mbili. Hajajaribiwa hata moja.

Madaktari hulitumia jina hilo la sonona isiyosikia dawa pale mgonjwa anapokuwa amekunywa dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha, wiki 6 mpaka 8 bila kurukaruka, na bado hajapata nafuu. Jina hilo halimaanishi kwamba mambo yameisha. Huyo jamaa yenu mwambieni hivyo, kwa upole lakini mwambieni, maana neno kama lake linaweza kumfanya mgonjwa aache kunywa hata kile kidogo.

Umeuliza kama kuna watu ambao dawa zinawakataa. Wapo, sitakuficha. Kule Marekani kulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakatoka mwaka 2006, wagonjwa kama 4,000. Kila aliyeshindwa na dawa moja alipewa hatua nyingine, mpaka hatua nne. Hatua ya kwanza iliwapa nafuu kamili kama watu 37 katika kila 100. Walioendelea na hatua ya pili, 31 katika 100. Hatua ya tatu ikashuka mpaka 14, na ya nne 13. Mwaka 2023 wachunguzi wengine walizipitia upya takwimu zile wakapata hesabu za chini zaidi, kwa hiyo usizishike kama msahafu. Lakini mimi nimefanya kazi wodini, na umbo lile nalitambua: dawa mbili za kwanza zina nguvu kubwa, baada ya hapo kazi inakuwa ngumu. Ndiyo maana naumia nikiona mbili za kwanza zimechezewa hivi.

Kabla hata ya kupandisha dozi, musawo aangalie kama kuna kitu kingine kinachoishika dawa mkono. Anakunywa nini jioni? Tororo naifahamu, chungu cha malwa kikiwekwa katikati na mirija ikazunguka, mwanamume mwenye huzuni hukaa hapo mpaka usiku. Pombe huvunja kazi ya dawa hizi na huleta huzuni yake yenyewe. Apimwe damu, aangaliwe tezi ya shingo, na kama hajapima virusi vya Ukimwi apime. Kama anatumia dawa za kufubaza, musawo azijue ni zipi. Efavirenzi, iliyotumika sana hapa Uganda kabla ya dolutegraviri kuanza kusambazwa mwaka 2018, iliwaletea baadhi ya watu huzuni na ndoto mbaya. Na wewe dada mtu ujiulize: zamani, kuna kipindi kaka alikuwa juu kupita kiasi, anashona usiku kucha bila kuchoka, anatumia pesa ovyo, anaongea bila kituo? Kama kipo, kisemwe. Huenda ni ugonjwa mwingine, ule wa moyo kupanda na kushuka. Ugonjwa huo una dawa zake, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu tena.

Sasa muda. Hapa nitakueleza ya mama yangu mzazi, kwa sababu nilijifunza kwake kuliko darasani.

Mama alishikwa na sonona mwaka 2005, nyumbani Bombo. Mimi nilikuwa tayari muuguzi wa magonjwa ya akili, nikidhani ninajua. Dawa ya kwanza ilikuwa imipramini, dozi kamili, wiki nane. Hakuna kilichosogea. Ya pili amitriptilini, ikapandishwa mpaka miligramu 150. Wiki ya nne akaanza kuoga bila kuambiwa. Tukashangilia. Kisha akakwama hapo hapo, anaoga, anakula nusu sahani, anarudi kulala akiangalia ukuta. Daktari akaongeza lithiamu juu ya ile amitriptilini. Wengi huijua kama dawa ya watu wanaopanda na kushuka, lakini ikiongezwa juu ya dawa ya sonona huwainua baadhi ya waliokwama. Inataka kupimwa damu, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, maana kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru hakuna nafasi kubwa.

Mama alikuwa msusi wa vile vikapu vya Kinubi vya kufunikia chakula, vya rangi kali, vinavyoanza na kitovu katikati na kukua duara juu ya duara. Wiki ile lithiamu ilipoanza, mama mdogo alimwekea kitovu cha kikapu mapajani akamwachia sindano na nyuzi. Mama hakukataa, hakukubali. Duara za kwanza ukizishika leo zimelegea, uzi mweupe mtupu, ukiinua kikapu juani mwanga unapita katikati. Wiki nzima alisuka duara moja, na si nzima. Wiki ya tatu kuna duara mbili. Halafu kuna mahali, karibu na kidole gumba cha mkono ukikishika kikapu kwa kushoto, uzi unabadilika kuwa wa zambarau. Siku hiyo aliomba mwenyewe. "Nipeni ile ya zambarau." Kuanzia hapo duara zinabana, huwezi kupenyeza ukucha.

Na siku zote hizo, ukimuuliza hali, alijibu jibu moja: "Sijapona, dawa yenu haifanyi kitu." Alikuwa anaamini hivyo. Mgonjwa wa sonona ndiye wa mwisho kuiona nafuu yake, kwa sababu jicho analolitumia kuitazama ndilo lililougua. Nilimwekea kikapu magotini nikamwonyesha kwa kidole, wiki hii, wiki hii, wiki hii. Alikaa kimya muda mrefu akipapasa ile mistari.

Kwa hiyo, dada mtu, nunua daftari. Kila Jumapili jioni wewe au wifi yako muandike: kaka amelala saa ngapi kwa usiku, amekula mara ngapi, ameoga, amekaa kwenye cherehani kwa muda gani. Kama ameshona kifungo kimoja, andikeni kifungo kimoja. Hesabuni vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Musawo ana karatasi ya maswali tisa ya sonona, kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 27. Mwombeni aijaze naye kila baada ya wiki mbili na nyinyi muinakili namba. Ikishuka mpaka nusu ya ilipoanzia, dawa imeitika. Ikishuka chini ya 5, hiyo ndiyo nafuu kamili tunayoitafuta. Ukienda kliniki na daftari, musawo hawezi kukupa tena dawa ile ile kwa mazoea.

Nini mtarajie? Wiki ya kwanza na ya pili maudhi yatatangulia: kichefuchefu kwa fluoksetini, mdomo mkavu na choo kigumu kwa amitriptilini. Mara nyingi usingizi, hamu ya kula na nguvu za mwili hurudi kabla ya moyo. Akifika wiki ya nne kwa dozi ya kutosha na daftari halionyeshi hata chembe, mwambieni musawo, msisubiri miezi mitatu. Kukiwa na chembe, vumilieni mpaka ya nane. Kwa aliyekwisha kushindwa na dawa mbili za kweli, nafuu huja kama foleni ya malori hapo kwenu Malaba: inasogea, inasimama siku nzima bila sababu, inasogea tena. Mama alirudi nyuma mwezi wa saba tulipofiwa. Alilala siku tisa. Hatukubadilisha dawa, akainuka.

Kuna kosa langu moja nataka ulijue. Nilimwambia mama anywe maji mengi akiwa kwenye lithiamu, sikumweleza kwa nini. Ramadhani ikaingia, akafunga kwa siri. Siku ya sita, wakati wa kufuturu, mikono ilimtetemeka mpaka uji ukamwagika, akatapika. Mwili ukikosa maji, lithiamu hujikusanya kwenye damu. Tulimkimbiza hospitali, dawa ikasimamishwa mpaka damu ikasafika. Imamu alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mimi nilipaswa kuzungumza na mama mwezi mzima kabla. Familia yoyote itakayopewa lithiamu, ya Waislamu au ya Wakristo wanaofunga Kwaresima, imweleze musawo mapema.

Jambo la haraka sasa. Kile kipindi ambacho nguvu zimerudi na moyo bado, ndicho cha kukaa karibu na kaka. Muulize wazi: "Kaka, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa mahali pa kulitua. Dawa kaa nazo wewe au wifi, mpeni za siku chache chache, maana amitriptilini ikizidi inaweza kusimamisha mapigo ya moyo na kuua. Zile alizobakisha zisichanganywe na fluoksetini kwa shauri lenu wenyewe. Fluoksetini huzuia amitriptilini kutoka mwilini. Dawa za kunyunyizia shamba ziondoeni nyumbani kabisa. Akikujibu ndiyo, asilale peke yake, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali. Nendeni hospitali kubwa iliyo karibu mkaulize musawo wa magonjwa ya akili kwa jina hilo. Ikishindikana ataandika barua ya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala.

Kuhusu wifi yako, usimlaumu. Mtafutieni mtu wa kulala pale nyumbani siku mbili kwa wiki naye apumzike. Na ulizieni kama kuna kikundi cha mazungumzo. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikaa vikundi wakizungumza mara moja kwa wiki, wiki 16, chini ya kiongozi mwenyeji aliyefundishwa. Waganda walikuwa na majina yao ya hali ile, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia, na mazungumzo yalianzia kwenye majina hayo. Mwishoni, kati ya waliokaa vikundini, 6 au 7 tu katika 100 ndio waliobaki na sonona kamili. Vijijini kusikokuwa na vikundi, 55. Hawakuwa wagonjwa walioshindikana na dawa, hilo nalisema wazi. Hata hivyo, kaka yako akinywa dawa sawasawa na akawa na mahali pa kusema, nina tumaini naye kuliko huyo jamaa yenu.

SWALI: Sista, nimekunywa dawa tatu za sonona kwa miaka minne, dozi za kutosha, daktari wangu ni shahidi. Nimesikia ketamini inaponya kwa siku moja. Kuna mtu mtaani ana kikliniki, anasema atanichoma. Niende? — Kijana wa Kisenyi, Kampala

JIBU: Usiende kwake, kijana wangu. Ila hukudanganywa kuhusu dawa.

Ketamini ni dawa ya usingizi wa upasuaji, vyumba vya upasuaji vya hapa kwetu vinaijua miaka mingi. Mwaka 2000 kulitoka utafiti mdogo sana wa Marekani, watu saba tu, ulioonyesha dozi ndogo inainua moyo ndani ya saa chache. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu wiki, hiyo ilikuwa ajabu. Mwezi wa tatu mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya jamii hiyo, esketamini, ya kupuliza puani, kwa ajili ya sonona isiyosikia dawa, pamoja na kidonge cha kila siku.

Wanaokusimulia siku ya kwanza hawakusimulii wiki ya pili. Dozi moja ya ketamini hupotea nguvu ndani ya siku chache mpaka wiki moja au mbili, na giza hurudi. Ndiyo maana esketamini hupulizwa mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha mara moja, na baadaye wengine kila wiki mbili, muda mrefu. Katika utafiti uliotoka 2023, waliotumia esketamini pamoja na kidonge, 27 katika 100 walikuwa na nafuu kamili wiki ya nane. Waliopewa kwetiapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, pamoja na kidonge, karibu 18. Inazidi, lakini wengi bado walikuwa njiani wiki hiyo.

Kila dozi hukaliwa chini ya macho ya wauguzi kwa saa mbili angalau, presha ikipimwa, kwa sababu presha hupanda na akili huelea, mtu huhisi ametoka mwilini. Ikitumika ovyo huharibu kibofu na mtu huitamani. Yule wa mtaani atakuchoma, atapokea pesa, utapanda boda kurudi nyumbani ukiwa hujui barabara iko wapi. Mwulize daktari wako kuhusu lithiamu ya kuongezea, na mwulize kuhusu tiba ya umeme, ile inayofanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Watu huiogopa kwa sababu ya walivyoisikia zamani. Kwa sonona nzito iliyokataa dawa nyingi, bado ni kati ya tiba zenye nguvu kuliko zote tulizonazo.

SWALI: Sista, dawa ya tatu ndiyo iliyonifaa. Nina miezi minane mzima kabisa, nafanya biashara yangu ya samaki. Naweza kuacha? — Mama wawili, Jinja

JIBU: Hongera, mama. Nimefurahi kusoma "mzima kabisa".

Usiache bado. Katika ule utafiti wa Marekani niliomtajia dada wa Malaba, waliopona kabisa kwa hatua ya tatu walifuatiliwa mwaka mmoja, na 43 katika 100 waliugua tena. Waliokuwa na nafuu nusu nusu, 76. Kupona kabisa kumekuweka upande mzuri, lakini aliyepona kwa dawa ya tatu hana haraka ya aliyepona kwa ya kwanza. Wengi wetu tungekushauri miaka miwili hivi, kwa dozi ile ile iliyokuponya. Msiipunguze kwa sababu tu mtu amepona.

Siku ya kuacha ikifika, itapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na musawo akijua. Ukiikata ghafla utapata kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, na hofu ambayo utadhani ni ugonjwa umerudi. Usiianze kazi hiyo wakati soko limekuwa baya au nyumbani kuna msiba. Mwambie mtu mmoja unayemwamini pale mwaloni dalili zako za mwanzo, kama ni kuchelewa kufungua au kukaa bila kula mpaka jioni, ili akuone kabla hujajiona. Na kama unapanga mtoto wa tatu, mwambie musawo kabla ya kushika mimba, mpange naye kuhusu dawa.